Starlet na injini ya pili: 4E, 5E, 1NZ, turbo au 4A-GE?

Toyota Starlet nyingi zilizobaki Tanzania na Kenya zimefika mahali pamoja: bodi bado nzima, milango inafunga vizuri, lakini injini imechoka. Asubuhi inatoa moshi wa bluu, oili inapungua na chini hakuna tone, na mlima uliokuwa ukipandwa na gia ya tatu sasa unataka ya pili. Hapo fundi anasema, "Bosi, hii tubadilishe tu," na kazi ya kuchagua inaanza.

Nazungumzia matoleo mawili ya Starlet: EP82, iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1989 hadi 1995, na EP91 iliyofuata hadi 1999. Nyingi za kwetu zilikuja na 4E-FE, injini ya cc 1,331 yenye valvu 16 na nguvu farasi kati ya 85 na 100 kulingana na toleo. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Kwa Starlet ya kwenda kazini na kurudi, tafuta kwanza 5E-FE iliyo nzima. Ukiikosa, funga 1NZ-FE, gharimika mara moja, na suala la spea litakuwa limeisha kwa miaka mingi. Turbo ya 4E-FTE ni chaguo zuri kwa anayeishi nyanda za juu na mwenye fedha ya breki mkononi. 4A-GE ni ya mwenye gari jingine la kumpeleka kazini.

Kinachofanya mjadala huu uwe mtamu ni uzito wa gari. EP82 nyepesi haifiki kilo 800, na EP91 ni nzito kidogo tu. Kwenye gari la uzito huo, nguvu farasi 20 za ziada unazisikia mgongoni. Hesabu hii nimeifanya kwa gari la kilo 800, bila kuhesabu tofauti ya uzito wa injini zenyewe:

| Injini | cc | Nguvu farasi kutoka kiwandani | Nguvu farasi kwa tani | Ugumu wa kufunga |
|---|---|---|---|---|
| 4E-FE | 1,331 | 85–100 | 106–125 | hakuna |
| 5E-FE | 1,497 | 90–105 | 112–131 | mdogo |
| 1NZ-FE | 1,497 | 105–110 | 131–137 | wa kati |
| 4E-FTE (turbo) | 1,331 | 135 | 169 | wa kati |
| 4A-GE valvu 20 | 1,587 | 160–165 | 200–206 | mkubwa |

Jedwali hili lisikudanganye ukaanza kuchagua kutoka chini kwenda juu. Namba za safu ya nne ndizo watu hubishania kijiweni, lakini safu ya mwisho ndiyo inayoamua kama gari litatoka gereji.

Kubaki na 4E-FE

Hii naipitia haraka. Kama tatizo ni ringi za pistoni na sili za valvu, na krankishafti haijaguswa, ovahoo safi, yaani kuifungua injini na kuijenga upya, inarudisha gari lako lilivyokuwa. Waya hazikatwi, kadi ya gari haibadiliki, na fundi yeyote anaijua. Tatizo ni kwamba ovahoo nzuri inahitaji mashine ya kuchonga silinda, pistoni za saizi sahihi na mtu mwenye subira ya kupima. Ovahoo ya kubadilisha ringi tu ndani ya silinda zilizolika huanza kula oili tena mapema, na fedha yako imekwenda. Ukipata fundi anayepima silinda kwa geji mbele yako kabla ya kutaja bei, baki naye.

5E-FE: ndugu yake mkubwa

5E na 4E ni watoto wa nyumba moja. Kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 74. Kilichobadilika ni mwendo wa pistoni, kutoka milimita 77.4 hadi 87, na hapo ndipo cc 1,497 zinapotoka. Mwendo mrefu maana yake gari linavuta tangu chini. Unaondoka kwenye taa ukiwa na abiria wanne na kiyoyozi kimewashwa, na huhitaji kukanyaga hadi injini ilie. Kwa matumizi ya mjini, msukumo huo wa chini una thamani kuliko nguvu farasi za juu ambazo hutazifikia kwenye foleni.

Uzuri wa pili ni ufungaji. Mauntini za Starlet, yaani vishikizo vya injini, zinaikubali, giaboksi yako inaingia, shafti za matairi zinabaki zile zile. Injini hii ilikuja kwenye Raum ya kwanza, Tercel, Corsa na Cynos, kwa hiyo mafundi wa Toyota hawaishangai.

Pa kuwa makini ni umeme. Matoleo ya mwanzo yana distribyuta kama 4E yako. Ya baadaye yanatumia koili bila distribyuta, na waya zake ni tofauti. Fundi atakwambia kontrolboksi (kompyuta ya injini) ya 4E inaiendesha 5E bila shida, na ni kweli gari litawaka na kutembea. Lakini kontrolboksi hiyo ilipangiwa injini ya cc 1,331. Ukikanyaga mpaka mwisho kwenye mlima mrefu, kipimo chake cha mafuta hakikutengenezwa kwa ajili ya hewa inayovutwa na silinda kubwa zaidi. Mimi nasisitiza: nunua 5E pamoja na kontrolboksi yake na waya zake, hata kama muuzaji anataka nyongeza.

Udhaifu wake mkubwa ni umri. Raum ya kwanza iliacha kutengenezwa 2003, kwa hiyo 5E yoyote unayoiona leo kwenye yadi ya injini zilizotumika ina zaidi ya miaka 20, hata iwe imeoshwa na kupuliziwa rangi ya fedha. Unaweza kulipa fedha nzuri ukatoa injini iliyochoka na kufunga nyingine iliyochoka. Ndiyo maana nasema 5E iliyo nzima, siyo 5E yoyote.

1NZ-FE: injini ya mtaa mzima

Simama barabarani mahali popote kati ya Dar, Arusha, Mombasa na Nairobi, uhesabu Probox, Succeed, Fielder, Sienta na Vitz za cc 1,500. Nyingi zina 1NZ-FE chini ya boneti. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote. Pampu ya maji, sensa, plagi, koili, gasketi ya hedi, vyote vipo, vipya na vilivyotumika, hadi kwenye miji midogo. Magari yaliyokuja nayo bado yanaingia yadi kwa kugongwa, hivyo injini zenyewe zitaendelea kupatikana.

Kwa ufundi nayo imeiacha mbali familia ya E. Bloku ni ya alumini, kwa hiyo pua ya gari haiongezewi mzigo. Ina VVT-i inayobadilisha muda wa valvu, na inatumia taimingi cheni badala ya belti. Nguvu yake, kati ya farasi 105 na 110, inapatikana bila kuisumbua.

Sasa kazi. Fungua boneti ya Starlet uangalie: ekzosi iko mbele, upande wa rejeta, na manifoldi ya hewa iko nyuma. Kwenye 1NZ ni kinyume chake. Hewa inaingia mbele, ekzosi inatokea nyuma, kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Bomba la kwanza la ekzosi lazima lichomelewe upya, tena lipite karibu na rakii ya usukani na mabomba ya breki. Ngao ya kuzuia joto hapo ni lazima. Hozi ya breki ikikaa jirani na ekzosi bila ngao, siku ya kuteremka mlima mrefu ndiyo utakayojua.

Mauntini zinatengenezwa au zinaunganishwa, za Starlet upande mmoja na za Vitz upande mwingine. Giaboksi ije na injini yake. Shafti za matairi zinachanganywa: kichwa cha ndani cha giaboksi mpya, kichwa cha nje cha habu ya Starlet. Fundi anayefanya hivyo lazima apime urefu gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, kisha tena likiwa limenyanyuliwa na tairi zinaning'inia, maana shafti fupi huchomoka na ndefu huvunja giaboksi.

Kwa 1NZ, mtu muhimu kuliko wote ni fundi umeme. Matoleo ya mwanzo yana kebo ya mafuta ya kawaida, na hayo ndiyo rahisi kwa Starlet. Ya baadaye yana throto ya umeme, kwa hiyo ukichukua injini hiyo, chukua na pedali yake na plagi zake zote. Baadhi ya kontrolboksi zimefungwa na ufunguo wa gari zilikotoka. Kama muuzaji hana ufunguo, injini haitawaka mpaka kontrolboksi ishughulikiwe na mtaalamu. Ulizia hilo kabla ya kulipa.

Jambo moja la moyoni kuhusu 1NZ. Mafundi wengi wa kwetu wana tabia ya kung'oa thamostati "ili injini isichemke" na kujaza rejeta maji ya bomba. Injini za zamani zenye bloku ya chuma zilivumilia. 1NZ bila thamostati haifikii joto lake, kontrolboksi inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Na maji ya bomba yanakula alumini kutoka ndani. Weka thamostati mpya na kulanti siku ya kufunga, na umwambie fundi kwa upole lakini bila kuyumba kwamba hivyo viwili haviondolewi.

Gharama ya jumla ya 1NZ inaizidi ya 5E, na sehemu kubwa ya tofauti haiendi kwenye injini. Inakwenda kwa mchomeleaji, shafti na umeme. Ukilinganisha bei mbili kwenye yadi tu, utakuwa umelinganisha nusu ya jambo.

4E-FTE: turbo ya kiwandani

Hii ndiyo injini iliyoifanya Starlet iheshimike. Toyota waliiweka kwenye Starlet GT Turbo na baadaye Glanza V, magari yaliyouzwa Japani tu. Ni cc 1,331 zile zile, lakini turbo ya CT9 inaipa nguvu farasi 135 kwenye mizunguko 6,400 na msukumo wa nyutoni mita 157. Kontrolboksi inaendesha turbo kwa ngazi mbili za shinikizo la hewa, baa 0.4 na baa 0.65, na ukiwa kwenye ngazi ya juu Starlet nyepesi inaruka kama swala.

Mwinuko wa mahali unapoishi unabadilisha hesabu yote. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,800, Mbeya karibu 1,700. Hapo 4E-FE ya farasi 85 inabaki na kama 70, na 1NZ ya 109 inabaki na kama 90. Turbo inaisukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo pengo hilo linapungua sana. Mtu wa Tanga au Mombasa anaweza kuishi kwa raha na 5E. Mtu wa Mbeya anayepanda mlima wa Kitonga na familia ndani ana sababu ya kweli ya kuitazama turbo, na simwiti mpenda mbio.

Bodi inaikubali bila ugomvi kwa sababu ni familia moja na 4E. Masharti yako kwingine. Intakula yake, kipoza hewa ya turbo, inakaa juu ya injini na inapumua kupitia tundu la boneti, kwa hiyo utahitaji boneti ya GT au Glanza, la sivyo utoboe yako au uhamishe intakula mbele ya rejeta kwa mabomba marefu. Kontrolboksi, waya, sindano za mafuta na sensa ziwe za turbo. Giaboksi ya turbo nayo itafutwe, maana ile ndogo ya gari lisilo na turbo haikutengenezwa kubeba msukumo huo kila siku.

Kuna njia ya mkato inayouzwa sana: kuchukua 4E-FE ya kawaida na kuifungia turbo. Siiungi mkono. Turbo ya kiwandani ina mgandamizo wa 8.2 kwa 1, wakati 4E-FE ya kawaida iko kwenye 9.6. Ukiongeza hewa ya turbo juu ya mgandamizo ule, tena kwa petroli ambayo huna hakika nayo, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na kinachofuata ni pistoni iliyotoboka. Wajuzi wanaweza kuipanga kwa kompyuta na kuiendesha kwa usalama. Gereji ya kawaida ya mtaani haina vifaa hivyo.

Tatizo lake kubwa ni uhaba. Magari yalikuwa machache tangu mwanzo, na wanaojua thamani yake ni wengi. Ukiona injini ya turbo inauzwa bila kontrolboksi na bila waya, hesabu kwamba umenunua nusu ya mashine, na nusu iliyobaki ndiyo ngumu kupatikana.

4A-GE ya valvu 20

Valvu tano kwa kila silinda, throto nne, moja kwa kila silinda. Ya kofia ya rangi ya fedha, iliyotoka kwenye Corolla Levin na Trueno za AE101, ina farasi 160 kwenye mizunguko 7,400. Ya kofia nyeusi ya AE111 ina 165 kwenye 7,800. Sauti ya throto zile nne ukikanyaga mpaka mwisho haina mfano wake katika Toyota ndogo.

Lakini soma tena hizo namba za mizunguko. Nguvu iko juu kabisa, mahali ambapo foleni ya Tabata au Thika Road haikufikishi. Bloku ni ya chuma na pua ya Starlet inakuwa nzito, spring za mbele zinadai kubadilishwa. Throto zinaelekea ukuta wa nyuma, na kwenye Starlet nafasi hapo ni finyu hata kwa mkono wa fundi. Mauntini, shafti, ekzosi, vyote vinatengenezwa. Spea zake hazipatikani dukani kama za 1NZ. Ninaipenda injini hii kwa dhati, na sitamshauri mwenye gari moja aifunge.

Ukiwa yadi

Iwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, usianze na bei. Anza na waya. Tazama zilipokatwa. Kama zimekatwa kiganja kimoja kutoka kwenye plagi za sensa, zimebaki vijiti vya rangi vinavyoning'inia, ujue fundi wako wa umeme ataunga waya moja moja kwa kubahatisha, na taa ya injini itakuwa rafiki yako wa kila siku. Unachotaka ni waya nzima hadi kwenye kontrolboksi, na kontrolboksi yenyewe ikiwa na namba inayosomeka. Ndiyo maana kipande kizima cha mbele cha gari, kikiwa na giaboksi, rejeta na dashibodi yake, mara nyingi ni nafuu kuliko injini peke yake hata kama bei yake inatisha.

Kisha fungua kifuniko cha oili. Pitisha kidole ndani. Rangi ya kahawia nyepesi ni sawa. Tope jeusi linaloganda kama lami linasema oili haikuwa ikibadilishwa. Ute wa rangi ya maziwa unasema maji na oili vimekutana. Ng'oa plagi zote nne uziweke kwa mpangilio, ukiona moja ina oili na tatu kavu, umejua silinda ipi ina tatizo. Pima kompresheni. Namba kubwa siyo muhimu kama namba zinazofanana: tofauti kati ya silinda na silinda isizidi baa 1. Kwa turbo, shika shafti yake kwa vidole viwili. Kuzunguka ni lazima, kutikisika kidogo sana kunakubalika, kugusa ukuta wa nyumba yake hapana.

Chukua risiti yenye namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, uisome mwenyewe, usiandikiwe kutoka kichwani. Namba hiyo na cc ziko kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, usajili nao urekebishwe, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, na kampuni ya bima ijulishwe. Bila risiti huwezi kuthibitisha injini ulikoipata, na siku trafiki au mnunuzi atakapolinganisha namba, maelezo ya mdomo hayatakusaidia.

Lililobaki ni breki. Starlet ya kawaida ilitoka na breki za mbele zilizopangiwa 4E-FE ya farasi 85 hadi 100. Kwa 5E, pedi nzuri, diski zisizopinda na oili mpya ya breki zinatosha. Kwa 1NZ ongeza ukaguzi wa dramu za nyuma. Kwa turbo na 4A-GE, tafuta diski za mbele zenye matundu ya kupoza na kaliper za GT au Glanza, zifungwe kabla injini haijaingia, gari litembee nazo na injini ya zamani mpaka pedi zikae sawa, kisha ndipo umwite fundi wa injini.